Dondoo Muhimu: Bima ya Afya Ukistaafu

Kabla hujagusa kiinua mgongo kununua bima ya nyongeza, wewe uliye Mbeya au Iringa, fanya haya:

1. Anzia ofisi ya mkoa ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF). Uliza kama michango yako inakupa kadi ya mstaafu, wewe na mwenza wako.
2. Usidhani watoto na wajukuu wamo. Uliza jina kwa jina.
3. Piga simu dirisha la bima la hospitali unayotibiwa, iwe Rufaa ya Kanda Mbeya, Tosamaganga au Ikonda, uulize kama wanapokea bima unayotaka kununua. Orodha ya hospitali anayokupa wakala wa bima haitoshi: Machi 2024 hospitali binafsi nyingi zilisitisha huduma kwa kadi za NHIF kwa mvutano wa bei.
4. Taja presha na kisukari kwenye fomu ya bima ya nyongeza. Ukificha, dai lako linaweza kukataliwa ukiwa kitandani.
5. Uliza umri wa mwisho wa kujiunga, na wa kuhuisha pia. Hapa wazee wengi huumia.
6. Nenda na cheti chako cha dawa za kila mwezi, uonyeshwe zipi zinalipiwa.
7. Usimpe wakala fedha taslimu, dai risiti.