Je, ubongo huchoma mafuta?

Swali: Daktari, naambiwa ubongo hutumia sukari tu. Basi nikifunga, mafuta ya mwilini hayaufai?

Jibu: Yanaufaa. Ni kweli glukosi ndiyo chakula chake kikuu, na ubongo hula takriban asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Lakini zinazokwepa mafuta hasa ni seli za neva: kuyachoma hudai oksijeni nyingi na huzalisha kemikali haribifu, nazo kinga yao ni hafifu.

Kazi hiyo hubebwa na astrosaiti, seli saidizi zenye umbo la nyota. Neva ikichochewa kupita kiasi, mafuta yake huharibika. Huyatoa nje yakiwa yamebebwa na protini iitwayo apolipoproteini E. Astrosaiti huyapokea, huyahifadhi kama vitone, kisha huyachoma ndani ya mitokondria. Kwangu mimi, huo ni uokoaji kabla ya kuwa mlo. Aina ya E4 ya protini hiyo, inayoongeza hatari ya ugonjwa wa Alzheimer, huyasafirisha vibaya.

Astrosaiti pia huweza kutengeneza ketoni kutokana na mafuta na kuzigawia neva. Ila ukifunga kwa muda mrefu, ketoni nyingi zinazofika ubongoni hutoka kwenye ini.