Kurudisha Nyuma Mita ya Gari

Katika darasa letu limeletwa suala la mtu wa pwani afanyaye biashara Kanja, huko Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Alinunua gari kuukuu aina ya Toyota Probox, mita yake yasoma kilomita 68,000. Mwezi haukutimu, breki zikamtia hofu. Fundi akachomeka chombo cha kusomea kompyuta ya gari; hakikuonyesha kosa lolote. Lakini alipofungua mlango aliona ubavuni kibandiko cha kubadilishia oili, kilichobandikwa Ujapani, kimeandikwa kilomita 143,000! Rafiki zake wamwambia: “Nyamaza, nawe uuze kama ulivyouziwa.” Je, yajuzu?

Kwanza yatupasa tulifahamu jambo lenyewe. Mita za zamani zilikuwa na vigurudumu vya tarakimu vilivyozungushwa na waya utokao kwenye giaboksi. Mwenye hila alizifungua akazirudisha kwa mkono. Za leo huhifadhi hesabu katika kijisehemu cha kumbukumbu ndani ya dashibodi, na mwenye chombo huibadilisha kwa muda mchache. Baadhi ya magari huweka hesabu hiyo katika kompyuta nyingine pia, kama ile ya injini au ya breki, na fundi mwaminifu huzilinganisha. Lakini si magari yote yaliyo hivyo, na mdanganyifu aweza kuzibadilisha zote. Kwa hiyo kunyamaza kwa chombo si ushahidi. Tazama pia vibandiko, karatasi za mnada wa Ujapani ziandikwazo kilomita, na mipira ya pedali iliyolika.

Wala mtu asitosheke na mwaka wa gari. Sheria ya Kenya huzuia kuingizwa gari kuukuu lililopita miaka minane. Lakini gari la teksi na gari la mzee aendaye sokoni hulingana miaka, wala hayalingani uchakavu.

Sasa tuje kwenye hukumu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kufunga viwele vya mbuzi au ngamia siku kadhaa ili mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Aliyedanganywa hivyo ana hiyari: akitaka atamweka, akitaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokamua. Imam Nawawi katika Minhaj ameambatisha na hilo kuzuia maji ya kinu, ili yafunguliwapo wakati wa kuuza kinu kionekane chenye nguvu. Basi kurudisha mita kuna tofauti gani na kufunga kiwele? Kule ni kuonyesha wingi usiokuwapo, na huku ni kuonyesha uchache usiokuwapo. Hadaa ni moja.

Jawabu letu ni hili. Ndugu huyu ana haki ya kulirudisha gari na kupewa fedha yake, lakini kwa madhehebu ya Shafi yampasa afanye haraka. Akiendelea kulitumia baada ya kujua, haki yake ya kulirudisha huanguka. Kuliuza kwa kunyamaza ni haramu kwake, kwani aliyedhulumiwa hakupewa ruhusa ya kumdhulumu wa tatu. Akitaka kuliuza, na aseme: “Mita hii si ya kweli,” kisha wapatane bei. Wala haimwokoi muuzaji aijuaye ila kusema, “Nauza kama uonavyo.”

Ama fundi arudishaye mita, ujira wake ni haramu. Na fundi aijuaye hila, hata kama hakuifanya yeye, yampasa amwambie mnunuzi. Lakini aliyebadilisha dashibodi iliyoharibika, akaandika kilomita za zamani na kuzitaja, hana lawama.

Asidhani mtu kuwa hili ni jambo la fedha tu. Asomaye 68,000 huacha kubadili vitu ambavyo wakati wake umekwisha pita, kisha hushuka mteremko amepakia watoto wa watu. Tarakimu aliyoifuta muuzaji yaweza kulipwa kwa roho.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.