Homa ya Dago na Sufuria ya Mwarobaini

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kujitibu, na wazee wetu hawakulipuuza agizo hilo. Nilipokuwa Kojani, Pemba, nilimkuta bibi mmoja akichemsha majani ya mwarobaini. Mjukuu wake alikuwa na homa. Wiki ile alikuwa amerudi na wazazi wake kutoka dago, upande wa Tanga.

"Bibi, mmempima damu?"

"Mwanangu, sisi tumelelewa na dawa hii."

Simbezi. Dawa mseto inayotolewa hospitali nayo asili yake ni jani: artemisinini hutokana na mmea wa Kichina. Bibi Tu Youyou wa China aliutafiti katika miaka ya 1970 kwa kufuata kitabu cha kale cha tiba, akagundua kuwa joto la kuchemsha linaiharibu nguvu ya dawa ile. Akabadili njia ya kuikamua, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Basi hata jani lenye dawa kweli laweza kuharibikia sufuriani! Mwarobaini umeonesha nguvu dhidi ya vijidudu vya malaria katika maabara, lakini hakuna kipimo kilichothibitishwa cha kumponya mtoto, na mafuta yake yamewahi kuwadhuru vichanga.

Ama hoja ya "tumelelewa nayo", walioizungumza ni waliopona. Tena wazee wale waliumwa na mbu tangu utotoni, miili yao ikazoea. Zanzibar ilianza dawa mseto mwaka 2003, kisha vikaja vyandarua na upuliziaji dawa majumbani, malaria ikapungua mno. Mtoto wa Kojani wa leo hana mazoea yale. Akienda dago bara na kurudi na homa, ugonjwa unaweza kupanda kichwani kwa siku chache. Hapo huja degedege, nasi tukasema ni shetani, tukamtafuta mganga huku saa zinakwenda.

Nilimwambia bibi haya kwa upole. Jioni alikubali mtoto apelekwe kituo cha afya. Tone la damu kidoleni likaonesha malaria, akaanzishiwa dawa mseto usiku ule ule.

Kivumbasi chake cha kufukuzia mbu aliendelea kukitundika dirishani, wala sikumkataza. Nilichomwomba baba mtu ni kwamba chandarua asikitumie kuvulia dagaa.