Kufundisha Mgogoro wa Nafsi kwa Njia ya Hadithi Fupi

Mara nyingi somo la hadithi hufungwa kwa swali moja: "Tunajifunza nini?" Wanafunzi hujibu kwa pamoja, "Tusiseme uongo," kengele hulia, na madaftari hufungwa. Jibu ni sahihi, lakini halijamgusa mtu. Katika makala haya tutaeleza njia nyingine: kuanza na mgogoro wa mhusika, kuutafutia chanzo chake katika jamii, na kuyaacha mafunzo yaje mwisho.

Mfano wetu ni Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, ukatoka mwaka 2016, na kupata kuwa kitabu cha lazima katika shule za sekondari nchini Kenya. Hadithi iliyoupa mkusanyiko jina, ya Said A. Mohamed, yawapambanisha wakazi wa mtaa wa mabanda na wenye uwezo wanaoitamani ardhi yao. Hapo mgogoro uko wazi. Sisi tumechagua hadithi ambayo mgogoro wake umejificha nafsini: "Mtihani wa Maisha" ya Eunice Kimaliro.

Samueli ameanguka mtihani wa kidato cha nne. Baba yake amemlipia karo kwa matumaini makubwa. Kijana anamwambia kwamba amenyimwa matokeo kwa kuwa bado anadaiwa karo. Uongo unafichuka, naye anajaribu kujitosa bwawani. Anaokolewa.

Hatua ya kwanza: Tumsimamishe mhusika njia panda. Kabla uongo haujasemwa, tufunge kitabu na kuchora safu mbili ubaoni. Nini kinamvuta Samueli aseme kweli? Nini kinamvuta afiche? Upande mmoja wanafunzi watataja heshima kwa baba na haki yake ya kujua. Upande wa pili aibu, hofu, na kutotaka kumvunja baba moyo. Watagundua kwamba upendo umo katika safu zote mbili. Safu moja ikibaki tupu, hapana mgogoro. Pana kosa tu.

Hatua ya pili: Tuulize ni nani aliyeijenga njia panda hiyo. Yupo mzazi aliyetegemea mno. Ipo jamii impimayo kijana kwa karatasi moja. Ipo na shule, nasi walimu tumo ndani yake. Maelezo haya hayauhalalishi uongo. Yanaonyesha tu kwa nini ulikuwa karibu na ulimi.

Hatua ya tatu: Tulinganishe. Katika "Tulipokutana Tena" ya Alifa Chokocho, wazazi wa Bogoa wanamkabidhi mtoto wao kwa Bi. Sinai wakitumaini atasomeshwa. Badala yake anatumikishwa. Je, wazazi walikosa? Kikundi kimoja kiwatetee, kingine kiwalaumu, kisha vibadilishane. Mwalimu asitoe hukumu mapema.

Hatua ya nne: Sasa tuulize, "Tunajifunza nini?" Jibu halitakuwa la kukariri.

Tahadhari: Hadithi ya Samueli ni ya kusomwa na sisi wanachuo. Katika shule ya msingi tutumie kisa chepesi, kama cha mtoto aliyeificha ripoti ya muhula. Nasi tunapoijadili chuoni, tusikae juu ya namna ya kujiua. Tukae juu ya swali hili: ni nani angeweza kumsikiliza Samueli siku ile?

Swali hilo latuhusu hasa sisi. Kesho tutagawa karatasi za matokeo kwa mikono yetu. Mtoto atakayeikunja yake upesi na kuitia mfukoni, bila kumtazama mtu, huenda amesimama njia panda ile ile. Tumwite kando kabla hajafika nyumbani.

Zoezi: Tunga kisa cha aya tatu kumhusu mwanafunzi wa darasa la tano aliye njia panda. Jaza safu zote mbili kabla ya kuandika mwisho wake.