Gesi Inapimwa kwa Mwanga Iliouchukua

Asilimia 99 hivi ya hewa kavu tunayoivuta ni naitrojeni na oksijeni. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia inayochimbwa Songo Songo na Mnazi Bay nchini Tanzania, imo humo kwa kiasi kidogo mno: chini kidogo ya molekuli mbili katika kila milioni. Haina rangi wala harufu. Hata hivyo, ndege ikipita kilomita tatu juu ya bomba linalovuja inaweza kupiga picha ya wingu la gesi hiyo na kukadiria ni kilo ngapi zinatoka kwa saa. Tuifuate kazi hiyo tangu mwanzo wake, bila kuruka hatua.

Mwanzo ni molekuli yenyewe. Methani ni atomi moja ya kaboni iliyoshikana na atomi nne za haidrojeni, na vifungo vinavyozishikanisha ni kama springi: hunyooka, hukunjika na kutikisika, kila mtikisiko kwa kasi yake maalumu. Mwanga nao ni mtikisiko wa umeme na sumaku. Kasi ya mwanga kutikisika ikilingana na ile ya molekuli, molekuli huumeza. Methani humeza kwa nguvu mwanga wenye urefu wa wimbi wa maikromita 3.3 na 7.7. Humeza kwa uhafifu pia kwenye maikromita 2.3 hivi, pale mitikisiko miwili inapoungana. Huko kote ni infraredi, ambako jicho la binadamu halifiki.

Na naitrojeni je? Molekuli yake ina atomi mbili zinazofanana kabisa, kwa hiyo hata ikitikisika hakuna upande wake unaozidi mwingine kwa chaji ya umeme, na infraredi inakosa pa kuishika. Oksijeni ni vivyo hivyo. John Tyndall aliligundua hilo kwa vipimo alivyofanya London kuanzia mwaka 1859: gesi ya makaa ya mawe ilizuia joto la mnururisho, huku oksijeni na naitrojeni zikilipitisha karibu lote. Hiyo ni bahati kubwa kwetu, maana karibu hewa yote iliyobaki inakuwa kama haipo, na kile kidogo tunachokitafuta kinajitokeza.

Ungedhani tutumie pale methani inapomeza kwa nguvu, kama kwenye maikromita 7.7. Vyombo vya namna hiyo vipo, na vinategemea joto linalotoka ardhini, hivyo hufanya kazi hata usiku. Lakini gesi nayo hutoa joto lake. Ikiwa na joto sawa na la ardhi iliyo chini yake, inarudisha kiasi kilekile inachomeza, na wingu linapotea machoni pa chombo. Kwenye maikromita 2.3 tatizo hilo halipo, kwa sababu mwanga wa huko ni wa jua. Unashuka ukipita ndani ya gesi, unagonga ardhi, unapanda ukipita tena hadi kwenye ndege.

Ndani ya ndege, mwanga huo huingia kwenye mwanya mwembamba, kisha hutawanywa na kioo chenye mistari iliyosongamana, kila urefu wa wimbi ukielekea upande wake. AVIRIS-NG, chombo kilichotengenezwa na maabara ya JPL huko California, huugawa mwanga wa kuanzia nanomita 380 hadi 2,510 katika vipande vya nanomita 5. Kikiwa kilomita tatu juu, kila pikseli ya picha yake ni kama mita tatu za ardhi. Kipokezi chake hulazimika kupozwa sana, kwani kitu chochote chenye uvuguvugu hutoa infraredi yake chenyewe.

Sasa tufike kwenye hesabu, ambayo kwangu ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Chukua methani yote iliyo juu ya kichwa chako, kutoka ardhini hadi mwisho wa anga, uitenge na hewa nyingine na kuilaza chini kwa shinikizo la kawaida. Angahewa yote ikibanwa hadi iwe na uzito wa hewa ya chini, kimo chake ni kama kilomita 8. Zidisha kwa 1.9 katika milioni: unapata milimita 15 tu. Wingu la gesi iliyovuja huenda likaongeza milimita moja. Milimita hiyo moja, juu ya mita moja ya mraba, ni lita moja ya methani, yenye uzito wa karibu theluthi mbili ya gramu. Hicho ndicho tunachokipima tukiwa ndani ya ndege.

Je, chombo kinajuaje mwanga ungekuwa kiasi gani kama gesi isingekuwepo? Hakijui. Kinalinganisha. Programu huchukua pikseli nyingi za jirani, nyasi, udongo, lami na mapaa, ikajifunza jinsi mwanga wa eneo hilo unavyobadilikabadilika kwa kawaida. Kisha hutafuta pikseli ambazo mwanga wake umepungua kwa mpangilio uleule wa methani. Hapo ndipo udanganyifu unapojificha. Mawe ya chokaa humeza mwanga karibu na maikromita 2.3, na baadhi ya plastiki na mapaa ya viwandani vilevile. Mtaalamu akiona doa lenye kingo za mstatili, sawasawa na paa lililo chini yake, hulitilia shaka. Wingu la kweli huanzia mahali padogo, hupanuka kuelekea upepo unakokwenda, na ndege ikirudi baada ya dakika chache hulikuta limebadilika umbo. Bahari ni shida ya aina nyingine: maji ni meusi katika infraredi, na karibu hayarudishi kitu ila pale mng'ao wa jua unapoakisiwa juu yake kama kwenye kioo.

Limebaki swali la mwisho: kilo ngapi kwa saa? Jumlisha gesi ya pikseli zote, tuseme umepata kilo 20 katika wingu lenye urefu wa mita 200. Upepo ukienda mita tatu kwa sekunde, wingu zima hubadilishwa kila sekunde 67. Kwa hiyo kilo 20 hutoka kila sekunde 67, yaani zaidi kidogo ya kilo 1,000 kwa saa. Ukikosea upepo kwa nusu, jibu lote limekosewa kwa nusu. Kwa maoni yangu, anayetangaza kiwango cha uvujaji bila kusema upepo aliupata wapi hajamaliza kazi yake.

Oktoba 2015, kisima cha ghala la gesi la Aliso Canyon, karibu na Los Angeles, kilipasuka. Hakikuzibwa hadi Februari 2016, na makadirio ya methani iliyotoka ni karibu tani 97,000. Mwezi Januari, AVIRIS ya kwanza, ikiwa ndani ya ndege ya ER-2 iliyoruka kilomita 6.6 hivi juu, ilipiga picha ya wingu hilo.

Uvujaji wa ukubwa huo kila mtu aliujua. Wakazi walikuwa wakiugua kwa harufu ya kemikali zinazotiwa kwenye gesi ili iwe na harufu. Faida kubwa ya chombo hiki imo katika uvujaji usiojulikana. Kati ya 2016 na 2018, AVIRIS-NG ilirushwa juu ya California kukagua visima, matangi, mazizi na majaa ya taka. Ilipata vyanzo 564 vyenye nguvu, na asilimia 10 tu ya vyanzo vyote ilibeba asilimia 60 ya methani iliyopimwa. Majaa ya taka yaliongoza kuliko visima vya mafuta na gesi. Katika jaa la Sunshine Canyon, wasimamizi waliboresha miundombinu yao, na ndege iliporudi kupima ilikuta methani inayotoka imepungua.