Dondoo muhimu: Unapovutiwa na rivolva za kale

Ng'ambo, rivolva za zamani za Colt na Webley hununuliwa minadani kama akiba ya thamani. Hapa Kiamaiko, mtaa wa soko la mbuzi unaoujua uchungu wa risasi, hamu hiyo inataka tahadhari.

• Sheria kwanza. Silaha Kenya zinasimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Uliza Bodi ya Leseni za Silaha kabla hujalipa hata shilingi. Usidhani ukuukuu ni kinga.

• Kataa bei ya uchochoroni. Bastola isiyo na cheti, au iliyokwanguliwa nambari, si kitega uchumi. Huenda imeua, na kesi itakuangukia wewe.

• Umeokota au umerithi silaha? Usiishike wala usiijaribu. Waite polisi au mwone chifu, ukiwa na shahidi.

• Iweke mbali na watoto. Mwenye leseni afungie silaha kwenye sefu, risasi kando.

• Kusanya historia ya rivolva badala ya silaha yenyewe. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alikamatwa Oktoba 1956 akiwa na rivolva. Alihukumiwa kwa kuimiliki, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Picha, magazeti ya enzi hizo na simulizi za wazee ni hazina usiyohitaji leseni kuihifadhi.

• Ukipenda kukusanya vitu vya kale, anza na sarafu. Senti 10 ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati, hutoshea mfukoni na haimwagi damu ya mtu.