Karatasi Nne Ndani ya Kopo la Majani ya Chai

Barua ya mwalimu mmoja wa Buhembe, mjini Bukoba, ina kurasa nne, na karibu zote zinahusu tumbo: namna linavyojaa kila jioni hadi sketi ikagoma kufungika na majirani wakampa hongera ya mimba asiyokuwa nayo, namna linavyonyonga kisha likaachia akishatoka chooni, namna anavyoharisha wiki hii na kukosa choo wiki inayofuata. Anaomba dawa. Lakini katikati ya ukurasa wa tatu, kama jambo la kupita tu, upo mstari unaosema kwamba ndani ya miaka miwili amepima virusi vya Ukimwi mara nne, kila mara mahali tofauti, na mara ya mwisho alipanda basi hadi Biharamulo ambako hafahamiki. Kwamba majibu yote ni hasi. Na kwamba karatasi zote nne amezificha ndani ya kopo la majani ya chai, chini ya khanga zake, mumewe asizione. Mstari huo ndio barua yenyewe, na mengine yote hapa yamefupishwa.

Tumbo lijibiwe kwanza. Dalili zake zinalingana na maradhi ambayo madaktari huyaita IBS, yaani hali ya utumbo kuwa mwepesi mno kushtuka, ambapo vipimo havionyeshi kidonda wala uvimbe, ilhali mwendo wa utumbo umevurugika na neva zake zinahisi kupita kiasi. Mwalimu anataja pia uchovu usioondoka hata akilala, maumivu ya kiuno, mkojo wa mara kwa mara, kichefuchefu, ute mweupe kwenye choo na hisia kwamba haja haijaisha, na kila moja ameihesabu kama ugonjwa mwingine uliomwingia mwilini. Si magonjwa sita. Ukuta wa utumbo una chembe za neva zaidi ya milioni 100, na neva zinazotoka utumbo mpana, kibofu na mfuko wa uzazi huingia kwenye uti wa mgongo sehemu zilizo jirani, kwa hiyo kelele za utumbo husikika kiunoni na kwenye kibofu, na kwa wanawake wengi huzidi siku za hedhi. Ni dalili za maradhi yaleyale, ingawa baadhi yake wagonjwa huzitaja mara chache, kwa sababu hawadhani zinahusiana na tumbo.

Ameshatibiwa taifodi mara tano kwa kipimo cha damu, jambo ambalo ni la kawaida mno Tanzania na halifai kuendelea, kwa kuwa kipimo kile cha damu kinaweza kuonyesha tu mabaki ya maambukizi ya zamani, na dawa za kuua bakteria zikirudiwa ovyo huvuruga tumbo zaidi. Kwa mtu aliyekulia kando ya Ziwa Viktoria, kinachofaa zaidi ni kupima choo, ili kichocho cha utumbo, ambacho kina dawa yake, kiondolewe kwenye mashaka. Choo chenye damu, kukonda, homa, upungufu wa damu au maumivu yanayomwamsha usiku vingedai uchunguzi wa haraka. Barua haina hata kimoja, na kuhusu uzito anasema mwenyewe kwamba haujabadilika. Ndizi za kupika asiziache, maana hazina lawama. Maharage ayaloweke usiku kucha, amwage maji yake, ale kidogo. Vitunguu apunguze kwa wiki chache, kisha arudishe kimoja kimoja apate kumjua mkorofi. Akamwani nayo, kahawa ile ya kutafuna wanayopewa wageni, husukuma utumbo, kwa hiyo aikatae, na mwenyeji akielezwa hatakasirika.

Sasa Biharamulo. Mwalimu ana miaka 41, na anaeleza kwa maneno machache kwamba baba yake alifariki Kamachumu yeye akiwa na miaka saba na mama yake miaka miwili baadaye, kwamba wote wawili walianza kwa kuharisha, na kwamba watoto waliambiwa ni malaria, kisha wakaambiwa wamerogwa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi Tanzania walitambuliwa Kagera, mkoa huohuo wa Bukoba, mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, na kufikia 1987 utafiti ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne mjini Bukoba ana virusi. Mtoto aliyebeba maji ya kufulia mashuka ya wazazi wake katika miaka ile amejifunza maana moja tu ya tumbo kuharisha, na hakuna aliyewahi kumfundisha maana nyingine. Hofu hiyo si ujinga. Ni kumbukumbu, na mwili unaikumbuka pia, kwa kuwa ubongo na utumbo huzungumza saa zote na utumbo uliotishwa hukaza, huharakisha na kuuma zaidi, ukampa mwenye nao sababu mpya ya kupanda basi.

Hata hivyo, katika kuficha amekosea, na inafaa aambiwe waziwazi. Majibu manne yamempa ukweli uleule, na la tano halitasema neno jipya. Na hata lingekuja tofauti, leo kuna dawa, si kama miaka ile wazazi wake walipofariki. Kinachomdhuru sasa ni lile kopo. Mume anayeona mkewe amehamia chumba cha watoto kwa kisingizio cha joto, anarudi na vumbi la safari isiyoelezwa na hataki kuguswa tumbo, atatafuta maelezo yake mwenyewe, na hayatakuwa mazuri. Binti yake wa miaka 13 tayari ameuliza kama mama anaumwa, akajibiwa kwamba ni malaria. Neno lilelile la Kamachumu! Nyumba za Kagera zilizika watu wengi na ukweli wao pamoja, kwa nia ya kulinda heshima, na waliobaki ndio waliolipa. Mwalimu huyu amelipa kwa miaka 34, na sasa anamwandalia mwanawe deni lilelile.

Jioni moja watoto wakishalala, aziweke karatasi zote nne mezani mbele ya mumewe, akianza na ile ya Biharamulo kwa sababu ndiyo ngumu kuliko zote kueleza, na amsimulie habari za wazazi wake kabla ya habari za tumbo. Binti aambiwe kwamba mama ana utumbo unaoshtuka upesi, kwamba unauma na hauui. Katika barua mwalimu analalamika pia kwamba ufunguo wa choo cha walimu hutundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na kila anapobanwa hulazimika kuuomba mbele ya watu. Amweleze mwalimu mkuu kwa sentensi mbili, kisha achongeshe ufunguo wa kwake wiki hii hii.